Resori, Amortisere na Ekru ya Katikati: Msamiati na Usalama katika Ubadilishaji wa Springi za Gari, Bel-Air, Lubumbashi

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna springi za mbele za gari dogo zinavyobadilishwa nyumbani, na namna msamiati wa kazi hiyo unavyoweza kumlinda au kumdhuru anayeifanya. Mfano uliochaguliwa ni wa Bel-Air, mtaa wa komuni ya Kampemba mjini Lubumbashi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ukakuzwa na machimbo ya shaba, na Kiswahili chake kikajijenga vinywani mwa wafanyakazi waliotoka pande nyingi. Kwa kuwa ufundi wa mashine ulifundishwa kwa Kifaransa, majina ya vyuma yakawa ya Kifaransa, ilhali sarufi inayoyabeba ni ya Kiswahili.

Magari mengi ya mji huu ni ya Kijapani yaliyokwisha tumika, yanayoingia kupitia Dar es Salaam, Tunduma na Kasumbalesa. Mashimo ya barabara, hasa baada ya masika, huzichosha springi zake: gari huinama upande mmoja, au waya wa springi hukatika. Ndipo mwenye gari na mekanisie wake wanapoifanya kazi hiyo ndani ya lupango.

2. Istilahi

Fundi wa Dar es Salaam husema springi, shokapu, jeki na nati. Mwenzake wa Lubumbashi husema resori, amortisere, kriki na ekru. Kiswahili sanifu kina pia neno kamani, lenye asili ya Kiajemi ambako lilimaanisha upinde. Leo hutumika zaidi kwa springi ya saa.

Neno resori hutaja vitu viwili: mabamba ya chuma yaliyopangwa chini ya lori, na waya mnene uliosokotwa wa gari dogo. Amortisere, kwa maana yake ya awali, ni bomba lenye mafuta linalotuliza mtikisiko. Hata hivyo, katika magari mengi madogo bomba hilo hupita katikati ya springi, na mkusanyiko wote huitwa amortisere. Upanuzi huo wa maana ni jambo la kawaida katika lugha yoyote. Hatari iko katika neno dogo zaidi, yaani ekru. Juu ya mkusanyiko huo, chini ya boneti, mna ekru ndogo za pembeni, aghalabu tatu, zinazoushikilia kwenye bodi ya gari; na mna ekru moja ya katikati, inayoizuia springi iliyobanwa isifyatuke. Jina ni moja, kazi ni mbili.

3. Nguvu iliyomo katika springi

Mwaka 1678 Robert Hooke wa Uingereza alichapisha kanuni isemayo kwamba nguvu ya springi huongezeka sawia na kiasi inachovutwa au kubanwa. Kwa mfano, springi inayohitaji uzito wa kilo 3 ili ipungue milimita 1, ikibanwa milimita 100 hurudisha msukumo wa kilo 300. Ekru ya katikati ikifunguliwa kabla ya springi kufungwa kwa vibanio, msukumo huo hutoka wote kwa mara moja, nao waweza kuua.

Kanuni hiyohiyo yaeleza kwa nini haifai kukata springi ili gari lishuke. Ugumu wa springi hupanda kadiri mizunguko yake inavyopungua: yenye mizunguko 6 ikikatwa mmoja, ugumu huongezeka kwa asilimia 20, na ncha iliyokatwa haikai tena barabara kwenye kitako chake.

4. Hatua za kazi

Kwanza, gari huegeshwa mahali tambarare na pagumu, breki ya mkono hufungwa, na magurudumu ya nyuma huzuiwa kwa mawe au magogo. Ekru za gurudumu hulegezwa kabla gari halijainuliwa. Kriki ni ya kuinulia tu. Gari likishapanda hukalishwa juu ya vihimili imara, kwani hakuna anayepaswa kuingia chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake.

Pili, gurudumu huondolewa, mpira wa breki hutolewa kwenye kishikizo chake, kisha bolti mbili za chini hutiwa alama na kufunguliwa. Kitovu cha gurudumu hutegemezwa ili kisiuvute mpira wa breki. Mwishoni hufunguliwa ekru za pembeni, mtu mwingine akiwa ameushika mkusanyiko usianguke. Ekru ya katikati haiguswi.

Tatu, vibanio viwili huwekwa pande mbili zinazokabiliana za springi, na hukazwa kwa zamu, mizunguko michache kila upande, mpaka springi icheze ndani ya vitako vyake. Hapo tu ndipo ekru ya katikati hufunguliwa. Uso na mikono havikai mbele ya ncha za springi.

Nne, springi mpya hubanwa vivyo hivyo na kuvishwa, ncha yake ikiingia kwenye kidato cha kitako. Ekru ya katikati hukazwa kwanza, ndipo vibanio vilegezwe polepole. Springi hubadilishwa jozi, kushoto na kulia, ili gari lisielemee upande. Baada ya hapo magurudumu hupimwa unyofu, kazi ambayo Lubumbashi huitwa paralelisme.

5. Hitimisho

Haielekei kwamba mekanisie wa Bel-Air ataacha kusema resori ili aseme springi, wala hana haja. Haja iliyopo ni ya kutofautisha. Mwanafunzi wa ufundi anayeambiwa “fungua ekru” hajaambiwa lolote la kumlinda. Anayeambiwa “ekru za pembeni kwanza, ya katikati baada ya kubana” amepewa utaratibu mzima wa kazi kwa maneno machache. Kwa hiyo wakusanyaji wa istilahi za ufundi wasitosheke na kulinganisha neno la Kifaransa na neno la Kiswahili sanifu. Waingie lupango, wasikilize amri zinavyotolewa, na wapime kama anayezisikia ataweza kuzifuata bila kuumia.