Maumivu ya Kiuno Yanayoshuka Mguuni

Mahindi ya Uasin Gishu huvunwa tangu Oktoba mpaka Disemba, na hiyo ndiyo miezi ya viuno kuumia. Mkulima wa skimu pande za Turbo, Soy au Lugari hana kikosi cha wapagazi. Ana mikono yake, mkewe na vijana wake. Gunia la kilo 90 hupandishwa kwenye trela kwa bega la mtu mmoja, na kesho yake mtu huyo hawezi kuinama kufunga kiatu. Maumivu yanaanza kiunoni, yanapita takoni, yanateremka nyuma ya paja mpaka kwenye shavu la mguu na vidole. Mmoja husikia moto, mwingine ganzi, mwingine kama anachomwa sindano. Akikohoa au akipiga chafya, yanazidi.

Wengi hudhani huo ni ugonjwa wa mguu, nao husugua mguu kwa mafuta usiku kucha. Mguu hauna kosa. Taabu iko kiunoni.

Uti wa mgongo ni pingili za mfupa zilizopangwa moja juu ya nyingine, na zile tano za kiunoni ndizo zinazobeba uzito mwingi. Kati ya pingili na pingili pana kitu mfano wa mto mdogo, nje kigumu kama kamba iliyosukwa, ndani laini kama uji mzito. Kando ya mito hiyo hutokea mishipa ya fahamu, ambayo hupeleka amri za ubongo mguuni na kurudisha habari za maumivu. Hii si mishipa ya damu, wala si ule “mshipa” ambao wazee huutaja mtu anapougua ngiri. Kadhaa kati yake huungana kuwa mshipa mmoja mnene karibu kama kidole, ulio mkubwa kuliko mishipa yote ya fahamu mwilini, nao hushuka nyuma ya paja. Mto ukipasuka kwa nyuma, ule ulaini wa ndani hutokeza na kuubana mshipa pale unapotokea. Kwa wazee, mara nyingi ni mfupa unaoota vinundu na kuisonga njia ya mshipa. Hao huumwa wakitembea, wakapata nafuu wakikaa au wakiinama mbele kidogo.

Jambo la kushukuru ni kwamba mwili hujitibu. Watu wengi hupata nafuu kubwa katika wiki 6 mpaka 12 bila kupasuliwa, na mara nyingi kile kilichotokeza hunywea chenyewe. Zamani madaktari waliamuru mgonjwa alale kitandani wiki nzima au zaidi. Siku hizi hawaamuru hivyo, kwa kuwa imeonekana kwamba kulala sana hudhoofisha misuli na kuchelewesha kupona. Pumzika siku moja au mbili ikiwa maumivu ni makali mno, kisha utembee: leo mpaka langoni, kesho mpaka kwa jirani. Usiku lala kwa ubavu na mto katikati ya magoti. Usikae kitako muda mrefu, hata kwenye baraza ya chifu.

Kitambaa cha maji ya moto na kukandwa taratibu havina ubaya. Lakini kukanyagwa mgongoni, au kuchanjwa kwa wembe, hakuufungui mshipa, na wembe waweza kukuletea maradhi mengine. Dawa kama diklofenaki hupunguza maumivu, ila zikimezwa ovyo huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Mwulize daktari kwanza, hasa ukiwa na shinikizo la damu.

Sasa sikiliza kwa makini. Ukiona unashindwa kukojoa, au mkojo na choo vinatoka bila wewe kujua, au pana ganzi kati ya mapaja, mahali panapogusa tandiko mtu akipanda punda, au miguu yote miwili inalegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mishipa mingi imebanwa pamoja, na mtu akichelewa huenda asipone kabisa. Wanaume huona haya kulisema jambo hili hata kwa wake zao. Liseme. Kutoka Turbo au Soy mpaka Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret si safari ya kutwa. Mguu unaoburuza kidole ukitembea nao pia haungoji wiki ijayo.

Tena si kila kiuno kinachouma ni mshipa uliobanwa. Ukiwa na homa, jasho la usiku, au unakonda, yaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia katika uti wa mgongo. Kwa mfuga ng'ombe yaweza kuwa brusela, inayopatikana kwa kunywa maziwa mabichi au kushika kwa mikono mitupu kondo la ng'ombe aliyetupa mimba. Yote mawili yana dawa. Mwambie daktari kwamba unafuga.

Turudi kwenye gunia. Katika miaka ya 1960, daktari Nachemson wa Uswidi aliingiza sindano katika ile mito ya watu walio hai, akapima shinikizo lililomo. Likazidi sana mtu alipoinama mbele na mzigo mikononi. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Basi kilo 90 kwa bega moja ni kupita kiasi, hata kama vijana hushindana nazo. Jaza magunia nusu nusu shambani, uyajaze kamili karibu na mizani, au muinue wawili. Kunja magoti, lete mzigo karibu na tumbo, na ukitaka kugeuka, geuza nyayo, usisokote kiuno.

Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji. Akina mama wapewe miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, na safari ya pili waende vijana. Jembe la palizi nalo litiwe mpini mrefu, ili anayepalilia asishinde ameinama kutwa nzima.