Husuni Kubwa na Siri ya Boriti

Ndugu msikilizaji, zikitajwa ngome za kale, wengi wetu mawazo huruka ng'ambo. Tumeona katika picha ile ngome nyeupe ya Himeji, nchini Japani, iliyokamilika mwaka 1609, na familia zikitembea katika bustani iliyo jirani yake. Basi sisi wa Mkoa wa Lindi tunalo jumba lililoitangulia Himeji kwa karibu miaka 300. Nalo ni Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani.

Likizo iliyopita tulikwenda huko mimi, mke wangu, watoto watatu na mama yangu mzazi. Kutoka Naipingo, wilayani Nachingwea, ni safari ndefu: Lindi, Nangurukuru, Kilwa Masoko, halafu chombo cha kuvukia. Kibali hukatwa Masoko kabla ya kuvuka.

Husuni maana yake ni ngome, lakini jina hilo lisikupotoshe. Hili lilikuwa kasri na ghala la biashara la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331, wakati dhahabu ya Sofala ikipitia mikononi mwa Kilwa. Lina vyumba zaidi ya 100 juu ya jabali linalotazama bahari, na birika la kuogea lenye pande 8. Watoto hawakutaka kuliacha birika lile. Ngome hasa ya vita ni Gereza, kule ufukweni, ambako Wareno walijenga mwaka 1505 na Waomani wakajenga upya baadaye.

Mwanangu wa pili aliuliza ni nani aliyelibomoa kasri. Kabla sijajibu, mama alinyosha kidole kwenye matundu yaliyopangana ukutani. "Hapa palikuwa na miti, mwanangu," alisema. "Miti imeoza."

Hapo ndipo penye elimu yenyewe. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, nayo chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo juu ya magogo. Lakini dari la mawe lilibebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vingi ni vyembamba: upana wake haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Boriti ikioza, dari huanguka, mvua huingia ndani ya ukuta, na mizizi humalizia kazi. Tazama Msikiti Mkuu wa hapo Kisiwani: sehemu yenye kuba, ambayo haikutegemea boriti, ingali imesimama.

Sasa, Himeji ni ya mbao na bado ipo. Kwa nini? Kati ya mwaka 1956 na 1964 mafundi waliufumua mnara wake mkuu, wakabadilisha mojawapo ya nguzo zake mbili kubwa, wakaujenga tena. Mwaka 2009 hadi 2015 walitengeneza paa na kupaka kuta upya. Weupe ule, msikilizaji, ni chokaa, kama yetu. Husuni Kubwa lilihamwa mapema, na boriti hazikupata wa kuzibadilisha.

Sisi wa Nachingwea hatuhitaji kuelezwa sana habari za vitu vilivyoachwa. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947 ukafa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake iking'olewa miaka ya 1960.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka katika orodha ya yaliyo hatarini: kuta zilikuwa zikianguka, na mawimbi yakila ufukwe ambao mikoko yake ilikatwa. Kuta zikaimarishwa, na mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha hiyo. Bahari, hata hivyo, haijaacha kuja.

Ukienda, chukua maji ya kunywa ya kutosha, na watoto uwashike mkono pale ukingoni mwa jabali.