Tarishi wa Moyo na Dawa Imzuiayo

Mwanadamu ashikwapo na hofu, tezi zilizo juu ya figo zake hutoa adrenalini, tarishi apitaye katika damu hata moyoni, akaingia katika vipokezi vyake mfano wa ufunguo katika kufuli, na moyo ukaenda mbio. Tabibu James Black wa Uskoti, aliyetambua kwamba moyo wenye dhiki ya oksijeni wafaa kupunguziwa kazi, alibuni pamoja na wenziwe, katika miaka ya 1960, propranololi, dawa ikaliayo vipokezi hivyo pasipo kuviamsha, hata tarishi akakosa nafasi. Na mwaka 1988 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Walakini vipokezi vya jamii hiyo vimo mapafuni pia, vikipanua njia za pumzi, navyo hukaliwa vilevile na propranololi. Kwa sababu hiyo mwenye pumu hukatazwa dawa hii.