Fumo Liyongo Katika Kitabu cha Picha

Walinzi wa gereza walikula kila chakula kizuri ambacho mama yake Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili, alimtuma kijakazi Saada ampelekee mwanawe aliyefungwa. Siku Saada alipokuja na mkate wa wishwa, waliudharau, wakamwachia mfungwa. Ndani ya mkate mlikuwa na tupa ya kukatia pingu.

Kisa hiki Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akakitungia utenzi mwaka 1913. Watoto wetu wanastahili kukipata katika kitabu cha picha kilichotengenezwa kwa ustadi, na ustadi huo huanza kwa kuelewa picha inafanya kazi gani.

Tuuchukue mkate wenyewe. Maandishi yaseme tu kwamba walinzi waliukataa. Tupa isitajwe, mchoraji ndiye aonyeshe ncha yake ikichungulia kwenye ufa wa mkate. Hapo mtoto asiyejua kusoma atakuwa anajua siri ambayo walinzi wenye mikuki hawaijui, naye atahimiza ukurasa ufunuliwe. Ukifunuliwa, nje ni ngoma ya gungu, upatu na matoazi, watu wamejaa. Pembeni, gizani, Liyongo anakereza chuma, na kelele za ngoma zinamsitiri. Maneno yakieleza yote haya, picha inabaki pambo, na mtoto hana la kugundua.

Vitabu vingi vya picha huwa na kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa ikatoa kurasa 16, na mikunjo miwili hutosha kitabu. Ukitoa kurasa za jina na hakimiliki, hubaki nafasi ya matukio 12 hadi 14 tu, kila moja likienea kurasa mbili zinazotazamana. Kwa hiyo lazima kuchagua. Mimi nisingeacha tukio la mkoma: wenzake Liyongo wamepanga kwamba zamu yake ya kupanda mti ikifika, wampige mishale akiwa juu. Yeye hapandi. Anavuta upinde akiwa chini na kuyaangusha makoma kwa mshale. Katika picha moja mtoto anauona mti mrefu, matunda yanaporomoka, na nyuso za wenzake zilizoishiwa hila.

Mchoraji naye ana utafiti wa kufanya. Liyongo ni mtu wa mwambao wa kaskazini wa Kenya, nchi ya Pate na Mto Tana. Kumvisha ngozi ya chui na kumpa ngao, eti kwa kuwa ni shujaa wa Kiafrika, ni kumnyang'anya kwao. Nakshi za mbao za Lamu na siwa ya Pate, baragumu la pembe za ndovu, ni hazina ya kuanzia. Kijumwa mwenyewe alikuwa mchonga nakshi na mwandishi wa hati nzuri. Sanaa ya jicho na sanaa ya neno zilikaa katika mkono mmoja.

Halafu kuna kifo cha Liyongo. Mwanawe mwenyewe, aliyerubuniwa na mtawala yuleyule aliyemfunga baba yake, anamchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anashika upinde, anapiga goti karibu na kisima na kufa akiwa amelenga. Watu wanaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Wapo watakaotaka sehemu hii ifutwe. Isifutwe. Mwaka 1994 Julius Lester na mchoraji Jerry Pinkney, wote wa Marekani, walitoa kitabu cha picha cha John Henry, mtoboa miamba aliyeishinda mashine ya mvuke kisha akafa. Kifo hawakukificha, na kitabu kikapata heshima ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya vitabu vya picha, mwaka 1995. Jeraha halina haja ya kuchorwa. Mchoreni Liyongo kwa mbali, kwa macho ya wanawake waliosimama na mitungi mitupu. Mtoto atauliza kwa nini mwana alimsaliti baba, na swali hilo lina faida kubwa kuliko mwisho uliopakwa sukari.

Wachapishaji, msimwite mchoraji baada ya mswada kukamilika. Mketisheni na mwandishi tangu mwanzo, wapange pamoja lipi lisemwe na lipi lionekane, na mumlipe kama mtunzi mwenza, kwa sababu nusu ya hadithi anaisimulia yeye.