Muuguzi Naye Aulizwe Hali

Waendao Hospitali ya Mnazi Mmoja, jirani na Kariakoo, huulizwa hali na muuguzi (twasema ile ya Dar es Salaam, ndugu zetu wa Unguja wasije wakadhani tumewageukia wao). Ni nadra muuguzi huyo kuulizwa hali yake. Wakubwa hushtuka pale jina lake linapokosekana kwenye orodha ya zamu kwa miezi miwili, na hapo mzigo umekwisha kuwaangukia wenzake.

Ipo njia ya kutambua mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Ufini walitunga hojaji ya kupima uwezo wa mtu kufanya kazi, yenye maksi kuanzia 7 hadi 49. Mfanyakazi huulizwa maradhi aliyo nayo, siku alizokosa kazini mwaka uliopita, na kama anaona ataimudu kazi yake miaka 2 ijayo. Swali hilo la mwisho twalipenda, kwani mwenye mgongo ndiye anayeusemea mgongo wake. Hojaji hiyo imejaribiwa kwa wauguzi. Maksi za chini ziliandamana na likizo ndefu za ugonjwa, ingawa haikuweza kumtaja kwa hakika atakayeugua. Serikali, basi, isiipokee kama ramli.

Hofu yetu hasa ni juu ya mkono utakaoipokea karatasi. Muuguzi akijua kwamba majibu yake yatakaa jalada moja na habari za cheo na uhamisho, ataandika kuwa yu mzima, wala hatutamlaumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi wa Bara siku 126 za ugonjwa katika miezi 36, lakini mshahara ni kamili kwa siku 63 za kwanza tu. Zilizobaki ni nusu. Mwenye kodi ya chumba na ada za watoto hujikokota kazini akiumwa, na daftari la mahudhurio likasema mambo ni shwari.

Twaziomba Wizara za Afya za Bara na Zanzibar zikabidhi majibu hayo kwa daktari asiye na mamlaka juu ya ajira ya muuguzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuzihesabu habari za afya kuwa nyeti. Na kabla fomu ya kwanza haijachapwa, tungependa kuambiwa ni nani atakayeshika zamu ya usiku ya yule atakayeonekana amechoka.