Msafara wa Kusini Katika Kipupwe

Wahenga walisema maji yakijaa hupwa. Sisi tuliosafiri kusini mwa Unguja katika kipupwe tumeyaona maneno hayo kwa macho, wala hatuoni haya kukiri kwamba yalitufunza adabu.

Msafara wetu wa magari manne uliondoka Mjini alfajiri, upepo wa kusi ukivuma na wengi wetu tumejikunyata ndani ya makoti. Tulipoipita Kitogani na kushika njia ya Muyuni, tuliagana na udongo mzito, tukaingia uwandani, nchi ya mawe ya matumbawe. Huko mkulima hupanda mtama, kunde na mbaazi katika vishimo vya udongo vilivyo baina ya jiwe na jiwe. Ndugu zetu hao hawakujaaliwa ardhi ya karafuu. Walijaaliwa mwamba, nao wakaufanya shamba.

Kizimkazi Dimbani tulizuru msikiti wa kale, ambao maandishi ya Kikufi katika mihrabu yake yanataja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa Miladia. Jengo lenyewe limetengenezwa upya baadaye, lakini maandishi yale yanatosha kumjibu yeyote adhaniaye kuwa ustaarabu wa pwani hii uliletwa na meli za Wareno. Mtende tuliyakuta majabali yaliyoliwa chini na mawimbi hata yakatokeza juu ya maji mithili ya mapaa ya nyumba. Bahari ilikuwa ikiyapiga kwa kishindo, na ngalawa zilikuwa zimepandishwa pwani. Kwa mvuvi wa huko, miezi hii ni miezi ya subira.

Makunduchi, mji wa Mwaka Kogwa wa kila Julai, tuliipita kwa haraka, kwani ratiba ilitutaka Jambiani saa nne kwa mkutano na wakulima wa mwani. Tulifika kwa wakati. Viti vilikuwa vimepangwa, lakini waliokuwapo walikuwa wazee wachache tu. Mwenzetu mmoja akaanza kulalamika juu ya upungufu wa mwamko. Mzee mmoja akamjibu kwa upole: "Wanangu, leo ni bamvua. Bahari imewafungulia mlango kwa saa chache tu. Mkiwataka, wafuateni."

Tukavua viatu, tukakunja suruali, tukawafuata.

Tuliwakuta kina mama wameinama, maji yakiwafika magotini, wakifunga mbegu kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vijiti. Kilimo hiki kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na leo maelfu ya Wazanzibari wanakitegemea, wengi wao wakiwa wanawake. Tulielezwa kwamba aina ya kotonii, ambayo ndiyo yenye bei nzuri, hufa maji yanapopata joto, na kwa miaka mingi sasa joto limezidi. Inayostahimili ni spinosamu, nayo bei yake ni duni. "Baridi hii mnayoikimbia nyinyi," alituambia mama mmoja, "kwetu ndiyo rehema." Kotonii inaweza kupandwa mbali zaidi, kwenye maji ya kina na ya baridi, lakini huko hapaendeki kwa miguu, na wengi wao hawana vyombo wala hawajui kuogelea.

Tangu mwaka 2020 Serikali ya Mapinduzi ina wizara yenye dhamana ya Uchumi wa Buluu. Hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, sera haina budi kuteremka hadi kwenye maji ya magotini, alipo mzalishaji. Kwanza, sisi viongozi tupange ziara zetu kwa kuuliza bamvua ni lini, tusiwatoe wakulima kazini kuja kutusikiliza. Pili, vikundi vya kina mama vipatiwe vyombo na mafunzo ya kuogelea, ili kotonii ipandwe inakostawi. Tatu, mwani usiondoke wote ukiwa mkavu ndani ya magunia. Wapo wanawake wanaotengeneza sabuni ya mwani papa hapa kisiwani. Mfano huo upanuliwe.

Maji yalipoanza kujaa tulirudi ufukweni pamoja nao, kila mmoja wetu amesaidia kubeba gunia. Mkutano ulifanyika saa nane mchana, viti vyote vikiwa vimejaa. Safari hii wao ndio waliosema, nasi tulisikiliza.