Gari la Mama halina shetani

Mwezi wa Novemba mwaka jana, saa mbili usiku, Mama alinipigia simu. Hakusalimia hata. "Mwanangu, hili gari silitaki. Lina shetani."

Alikuwa ametoka Northampton kumwona dada yake, Mama Mkubwa, ambaye tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga hatoki nyumbani. Kila Jumatano Mama humpelekea chakula cha siku tatu, wanakaa, wanasemana, kisha anarudi kwake Milton Keynes. Ni mwendo wa nusu saa tu. Siku hiyo, kwenye M1, alitaka kulipita lori. Akageuza usukani kulia, na usukani ukamrudisha kushoto. "Nakuapia, kama kuna mtu kaushika!" Alipotoka motawei na kusimama kwenye taa za barabarani, injini ikazimika yenyewe. Alipokaribia nyumbani ikawaka taa ya njano yenye alama ya mshangao.

Gari lenyewe lilikuwa na wiki mbili. La zamani, alilolizoea kwa miaka 14, lilikufa. Muuzaji wa hili jipya alimpa maelezo ya dakika 20, kwa Kiingereza cha haraka, akimwonyesha jinsi ya kuunganisha simu.

Kwa wiki tatu Mama hakwenda Northampton. Chakula kilipelekwa na yeyote kati yetu aliyepata nafasi, na mara mbili hakupata mtu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hii si hadithi ya gari. Mama alijifunza kuendesha Unguja, kwenye Peugeot ya kaka yake, akaja Uingereza akafaulu mtihani wa hapa, na tangu hapo hajawahi kumwomba mtu lifti. Sasa alikuwa anaanza kuomba.

Basi Jumamosi moja tukakaa ndani ya gari, limezimwa, nje ya nyumba, na chupa ya chai ya tangawizi katikati yetu. Mimi nilikuwa nimesoma kitabu cha gari usiku kucha. Nikafungua mdomo nieleze, Kiswahili kikaniishia. Nyinyi mnaotusikiliza kila wiki mnaijua hiyo hali: ya chakula na harusi unayo, ya mashine huna. Ikawa kazi ya watu wawili. Mimi nina maana, Mama ana maneno.

Usukani unaovuta

Nikamuuliza, "Ulipotaka kulipita lori, uliwasha indiketa?"

Kimya. "Nyuma hakukuwa na mtu."

Hapo ndipo penye siri yote. Nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kati, kuna kamera inayosoma mistari ya barabara. Ukivuka mstari bila indiketa, gari linadhani umesinzia, au unachezea simu, na linakurudisha kwenye leni yako kwa kuusukuma usukani kidogo. Ukiwasha indiketa linajua umekusudia, linakuacha. Na hata likikusukuma, nguvu yake ni ndogo: ukishika usukani vizuri unalishinda.

Kamera nayo hukosea. Penye matengenezo ya barabara, mistari ya zamani na mipya ikiwa pamoja, inaweza kufuata usio sahihi. Kioo kikiwa na tope au theluji haioni. Magari mengi yana kitufe au sehemu kwenye skrini ya kuuzima msaada huu, lakini kwa mengi hujiwasha tena kila unapowasha gari. Kwa hiyo ni bora kujua unafanya nini kuliko kupigana nao.

Mama akafikiri, akasema, "Kwa hiyo halina shetani. Lina adabu."

Nyekundu, njano, kijani

Taa za dashibodi zinamtisha kila mtu kwa sababu ni nyingi na hazisemi. Anza na rangi. Kijani au buluu: kitu kinafanya kazi, kwa mfano taa kubwa umeziwasha. Njano: kuna jambo, endesha kwa uangalifu, likaguliwe karibuni. Nyekundu: tafuta pa kusimama salama, sasa.

Za nyekundu, jifunze hizi nne kwa moyo. Kama birika lenye tone mdomoni: presha ya oili imeshuka, simama, zima injini, usijaribu kufika nyumbani. Kipimajoto ndani ya mawimbi: injini inachemka, na usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto. Betri: chaji haiingii, gari linaweza kuzima wakati wowote. Duara lenye alama ya mshangao: breki, au umesahau tu breki ya mkono.

Ile ya Mama ilikuwa ya njano, umbo kama kiatu cha farasi kilichokatwa, na mshangao katikati. Nikasema ni "presha ya matairi". Mama akacheka. "Sema upepo, mwanangu. Tairi hujazwa upepo." Basi, upepo ulikuwa umepungua. Baridi peke yake inatosha: joto likishuka nyuzi 10 za Selsiasi, upepo hupungua kama psi 1 hadi 2. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi ndani ya mlango wa dereva. Pima matairi yakiwa hayajatembea, yaani ya baridi. Na usiingoje taa: huwaka upepo ukiwa umeshapungua sana. Ukimaliza kujaza, magari mengi yanataka uyaambie kwenye skrini kwamba sasa ni sawa, la sivyo taa itabaki.

Breki inayotetemeka

Hili Mama hakuniuliza, nililileta mwenyewe. Kaka yake alimfundisha kwamba penye utelezi breki hupampiwa: kanyaga, achia, kanyaga, achia. Kwa Peugeot ile alikuwa sahihi kabisa. Tairi likijifunga linateleza, na linaloteleza halikati kona.

ABS inafanya kazi hiyo yenyewe, kwa kasi ambayo hakuna mguu wa binadamu unaoweza. Mercedes-Benz na Bosch waliiingiza sokoni mwaka 1978, na leo karibu kila gari jipya hapa linayo. Ikianza kufanya kazi, pedeli hutetemeka chini ya mguu na kukoroma. Watu wengi wakiusikia mtetemo huo huondoa mguu kwa hofu, na hilo ndilo kosa. Kanyaga kwa nguvu zote, usiachie, na elekeza usukani kwenye nafasi iliyo wazi. Faida yake kubwa si kusimama karibu zaidi. Ni kwamba bado unaweza kukata kona huku umekanyaga.

Taa ya njano ya ABS ikiwaka na kubaki, breki za kawaida zipo, ila msaada huo haupo. Na ile ya kigari chenye mikia inayojipinda: ikimetameta, gari linazuia usiteleze wakati huohuo, kwa hiyo punguza mwendo. Ikibaki imewaka, kuna hitilafu au mtu ameuzima msaada huo.

Unavyokaa

Mama ni mfupi, na kama wafupi wengi alikuwa anakaa kifua karibu na usukani. Mfuko wa hewa hufumuka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa nguvu inayoweza kuumiza. Acha angalau sentimita 25 kati ya kifua na katikati ya usukani. Tulikipandisha kiti, tukakirudisha nyuma kidogo, tukauvuta usukani uje chini. Magari mengi yana kishikio chini ya usukani kwa kazi hiyo. Mama ameendesha karibu miaka 40 bila kukijua. Mikono iwe pembeni, kama saa tatu na saa tisa kwenye uso wa saa ya Kizungu, wala si juu, mfuko usije ukaitupia usoni.

Mkanda wa chini upite kwenye mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo. Baibui lisijikunje chini yake, na koti nene la baridi livuliwe au lifunguliwe, mkanda ukae karibu na mwili. Mkanda huu wa pointi tatu ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kampuni iliwaachia watengenezaji wengine wautumie. Mfuko wa hewa umetengenezwa kusaidiana na mkanda, si kuchukua nafasi yake.

Kiegemeo cha kichwa kiwe sawa na utosi, karibu na kichwa. Ukifunga nywele fundo kubwa nyuma chini ya hijabu, kichwa kinasukumwa mbele na kiegemeo hakikusaidii ukigongwa kwa nyuma. Mama aliniangalia kama namfundisha kuvaa. Lakini alilishusha fundo.

Kwa wajukuu: kiti cha mtoto kinachoangalia nyuma hakiwekwi mbele penye mfuko wa hewa uliowashwa, ni hatari na ni kosa kisheria. Na hapa Uingereza mtoto anatakiwa kutumia kiti chake hadi afike miaka 12 au urefu wa sentimita 135, kinachotangulia. Kumpakata "kwa sababu ni hapo tu" hakumo.

Vidogo vya kila siku

Injini kuzimika kwenye taa: imefanywa makusudi kuokoa mafuta. Ukiachia breki, au ukikanyaga klachi kama gia ni za mkono, inawaka. Kuna kitufe cha kuizuia, mara nyingi chenye herufi A ndani ya mshale wa mviringo.

Ukungu kwenye kioo: washa kipoza hewa, yaani A/C, hata wakati wa baridi. Mama alidhani ni cha joto tu. Kinakausha hewa, kiunganishe na hewa ya moto, uielekeze kwenye kioo.

Taa: magari mengi huwasha taa ndogo za mchana mbele tu, na nyuma kukawa giza. Mchana wa mvua kubwa, swichi ya otomatiki inaweza isiwashe. Zungusha mwenyewe.

Kitufe cha SOS darini: kipo kwenye modeli nyingi mpya za Ulaya tangu 2018. Hupiga simu ya dharura na kupeleka mahali ulipo, hata ukishindwa kueleza kwa Kiingereza. Ajali ikiwa kubwa hujipiga. Kina kifuniko kidogo, wajukuu wasikichezee.

Jumatano

Baada ya chai tulikwenda kuzunguka mjini. Milton Keynes si mnajua, ni mji wa vipilefti; ukimaliza kimoja kinakungoja kingine. Nilimwomba awashe indiketa kila mara, hata pasipo na mtu. Halafu tukapanda M1, kutoka njia ya 14 hadi ya 15. Kulikuwa na lori. Akaangalia kioo, akawasha indiketa, akalipita. Usukani haukusema kitu. Aliporudi kushoto kwa makusudi bila indiketa, kulijaribu, ukamgusa. "Umeona? Linanisema."

Nilimwambia pia jambo moja la mwisho: vyote hivi ni vya kusaidia. Gari linaweza kujifungia breki likiona kizuizi mbele, na linaweza lisikione, kwa jua la machoni au tope kwenye kamera. Dereva ni yeye.

Jumatano iliyofuata nilipigiwa simu saa tisa mchana. Sauti ilikuwa ya Mama Mkubwa. "Mama yako kafika. Lakini kaja na kitabu cha gari, anataka nimsomee."

Jumamosi hii, kama mzazi wako amenunua gari katika miaka ya karibuni, kaa naye likiwa limezimwa. Muulize ni kitu gani kinachomtisha, usianze na unachokijua wewe. Na ukipata neno la Kiswahili la kitu ambacho mimi nimekiita kwa kuzungukazunguka, tuandikie, tutalisoma kwenye kipindi.